Mwanakondoo alinifia magotini, mama mkwe anasema ni mimba yangu

BARUA

Shikamoo Mama,

Naandika saa nne usiku. Nyumba nzima wamelala, mimi nimekaa jikoni na boksi la sabuni ambalo ndani yake amelala mwanakondoo mmoja. Walikuwa wawili.

Niko Ngarenairobi, wilaya ya Siha, Magharibi ya Kilimanjaro. Nimeolewa huku, huu ni mwaka wa tatu. Kwetu ni Tanga mjini, kondoo nilikuwa namwona sikukuu ya Idi tena akiwa ameshafungwa kamba, kwa hiyo naomba usinicheke. Mwaka jana tulipovunja kikoba nilinunua kondoo majike watano, chotara wa Dorper na wale wekundu wa Kimasai. Mume wangu alitaka tuongeze pikipiki ya pili ya bodaboda. Mimi nikang'ang'ania kondoo. Basi ujue kila kondoo anayekufa hapa anakufa na maneno yake.

Mwishoni mwa Juni mmoja alitupa mimba. Nilimkuta asubuhi amesimama kando, na kile kitoto kimelala kwenye majani, kidogo kama panya buku, hakina hata manyoya. Nilikiokota kwa mikono nikakitupa nyuma ya banda. Jioni mbwa walikuwa wameshakimaliza. Sikumwambia mtu.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu usiku, mwingine akaanza kuhangaika kama saa tano hivi. Nilimmulika kwa tochi nikaona anakwangua chini kwa mguu, nikasema nitarudi. Nikapitiwa na usingizi. Niliporudi ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi inakata masikio. Amezaa mapacha. Mmoja amesimama, amelambwa, amekauka. Wa pili amelala kwenye tope karibu na ukuta, bado ana ule ute wa njano, shingo imelegea. Nilimtia kidole mdomoni, kulikuwa baridi kama maji ya bombani. Nilipomsogeza kwa mama yake akampiga kichwa.

Nikamfunga kwenye kanga nikakimbia naye jikoni. Nikawasha jiko la mkaa, nikafunga mlango ili joto lisitoke, nikamlaza pembeni ya jiko. Nilimpulizia hewa puani kwa mdomo wangu, niliwahi kuona kwenye video. Halafu nikachemsha maziwa ya ng'ombe, nikatia sukari na kijiko cha samli ili apate nguvu, nikayaacha yapoe kidogo, nikayamimina kwenye chupa ya mtoto wa wifi yangu. Nikampakata chali kama mtoto. Hakunyonya. Nikawa naminya chupa, na maziwa yakawa yanatoka puani na mapovu.

Lakini alipata joto, Mama. Aliinua kichwa. Nilifurahi mpaka nikamwita mume wangu aje aone. Kisha ghafla akarudisha kichwa nyuma, miguu ikaanza kupiga kama mtu anayeogelea, macho yamegeuka. Dakika chache tu. Akanyooka hapo hapo kwenye magoti yangu.

Mama mkwe alikuwa amekwenda kwenye maombi ya asubuhi. Aliporudi hakuuliza nilifanya nini, alisema neno moja: "Mwenye mimba hamwendei mnyama anayezaa." Nina mimba ya miezi minne. Baadaye nilimsikia akimwambia mume wangu kwamba nimeleta mkosi zizini. Tangu siku hiyo hakuna aliyenigombeza, na hicho ndicho kinachoniumiza.

Huyu aliyebaki ana siku tisa. Alikuwa mzima kabisa, anarukaruka. Juzi alfajiri akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Goti limevimba na ni la moto ukiligusa. Leo naona na mguu wa nyuma unaanza. Kitovu chake ni kinene, kimelowa na kinanuka. Nilifungua vidonge vya rangi mbili nikanyunyizia ule unga. Ananyonya bado, lakini anasimama dakika mbili analala. Na mama yake ana upande mmoja wa kiwele ambao ni mgumu, mtoto akienda upande huo anapigwa teke. Usiku namleta jikoni kwa sababu ya baridi.

Mume wangu anasema tumchinje mapema tunywe supu, kuliko kumtupa. Nimeomba siku mbili.

Naomba uniambie ukweli. Yule wa kwanza nilimuua mimi? Mimba yangu inahusika vipi? Na huyu atapona? Wengine wawili bado hawajazaa.

Mama Kijacho, Ngarenairobi

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Umeniuliza habari za kondoo. Nitakujibu, lakini kondoo watangoja kwanza, kwa sababu kuna mambo mawili umeyapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi: kitoto kilichotupwa ambacho ulikiokota kwa mikono mitupu, na yule mwanakondoo mbichi uliyempulizia puani kwa mdomo wako.

Kesho nenda kliniki. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mwambie muuguzi maneno haya haya: kondoo wangu alitupa mimba, nilikishika kitoto bila glavu, wiki mbili baadaye nikamshika mwanakondoo aliyezaliwa usiku ule na kumpulizia puani, na nina mimba ya miezi minne. Usione aibu, na usikubali kuondoka mpaka maneno hayo yameandikwa. Magonjwa kadhaa yanayomfanya kondoo atupe mimba humwingia pia binadamu: bruselosi, toksoplasma, homa ya Bonde la Ufa, na mengine. Yamo kwenye maji ya uzazi, kwenye kondo la nyuma, kwenye ute ule wa njano uliouona, na baadhi yake yanaweza kuiharibu mimba ya mwanamke. Sisemi unayo. Wengi hushika na wasipate kitu. Ila ukipata homa, kichwa kuuma sana, au viungo kuuma kama umepigwa, usimeze dawa za dukani ukasema ni mafua ya Julai. Nenda siku hiyo hiyo.

Na boksi hilo litoke jikoni usiku huu. Mwamshe mumeo alitoe.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Kuhusu mkosi amekosea. Kuhusu kukukataza, hajakosea hata kidogo. Nilifanya kazi ya uafisa mifugo kwa miaka mingi kwenye vijiji vya baridi kama hicho chako, na kila nilipokwenda nilikuta bibi mmoja anayesema mjamzito asiende zizini wakati wa kuzalisha. Nilipokuwa kijana nilikuwa nacheka. Nadhani wazee hao waliwahi kuona mwanamke aliyemsaidia mnyama kuzaa, na baada ya muda mimba yake ikatoka. Hawakuwa na darubini, wakaliita jambo hilo kwa jina walilokuwa nalo. Kosa lao ni kugeuza njia. Hatari hutoka kwa kondoo kuja kwako, haitoki kwako kwenda kwa kondoo. Mimba yako haikumfanya chochote yule mwanakondoo. Ukitaka amani na mama mkwe, nenda kamwambie alikuwa na haki ya kukukataza, na kwamba tangu leo hutaingia kwenye banda la kuzalia. Hata jani la sale, lile la Wachaga la kuombea msamaha, hutalihitaji.

Ulimuua wewe? Hebu tuipange ile asubuhi kwa saa, kwa sababu jibu limo ndani ya saa.

Mwanakondoo huzaliwa na akiba ndogo ya mafuta ya rangi ya kahawia, mengine yamezunguka figo. Hayo ndiyo kuni zake. Anayachoma kujipasha moto mpaka apate maziwa ya kwanza, yaani dang'a. Asiponyonya, kuni hizo zinamtosha kama muda wa saa tano hivi, na akiwa amelowa kwenye tope na upepo wa mlimani unapita, hata hazifiki huko. Mama yake alianza kuhangaika saa tano usiku. Tuseme alizaa saa sita. Wewe ulifika saa kumi na moja na nusu. Ulimkuta kuni zimekwisha na jiko limezimika.

Hapo ndipo penye mtego ambao watu wengi huingia, na mimi niliingia kabla yako. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimleta mwanakondoo wa namna hiyo nyumbani, nikampasha moto kwa fahari, akainua kichwa, nikamwita jirani aje aone. Sawa na wewe ulivyomwita mumeo. Kisha akarudisha shingo nyuma na kuanza kuogelea. Kilichotokea ni hiki: mwili uliopoa sana huwa umelala, hautumii sukari nyingi. Ukiupasha moto unaamka, na ubongo ukiamka unadai sukari kwenye damu. Kwenye damu hamna kitu. Ndiyo ile miguu kupiga, ndiyo macho kugeuka.

Kwa hiyo kwa mwanakondoo aliyepita saa tano tangu azaliwe, na joto lake liko chini ya nyuzi 37, sukari hutangulia joto. Wala si sukari ya mdomoni. Mtaalamu humdunga glukosi ya asilimia 20, iliyopashwa vuguvugu, ndani ya tumbo, mililita 10 kwa kila kilo ya uzito. Halafu ndipo anapashwa moto. Kudunga tumboni usijifunze kwenye barua yangu, mwombe daktari amfundishe mtu wa nyumbani kwenu kwa mikono yake. Ila kujua kwamba mpangilio ni huo, hilo kila mfugaji wa huko juu anatakiwa awe nalo kichwani.

Maziwa nayo. Hapa sitakuficha: yalimwongezea mzigo. Mwanakondoo wa baridi hamezi. Unapominya chupa, maziwa yanashuka kwenye mapafu, na yale mapovu ya puani ndiyo yalikuwa yanakuambia hivyo. Umeshajua kumtia kidole mdomoni, basi ongeza kitu kimoja kwenye kipimo hicho. Mdomo ukiwa baridi na kidole hakivutwi, hapewi kitu chochote kwa chupa. Mdomo ukiwa vuguvugu na ulimi unakikumbatia kidole, huyo anaweza kunyonya. Na anaponyonya asimame kwa miguu yake minne, au alale kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo tu kama anavyokuwa chini ya mama yake. Kumpakata chali ni kwa watoto wetu. Samli hapana. Sukari kwenye maziwa hapana. Na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa mlango, mwanangu, hata kama hakuna kondoo, hewa yake inaua watu wakiwa usingizini na inamfikia mtoto aliye tumboni. Chupa mbili za plastiki za maji ya moto, zimefungwa kwenye nguo, moja kila ubavu, ndani ya boksi, zinapasha vizuri na hazitoi hewa ya kuua mtu.

Ungefanya yote sawasawa angepona? Kwa saa ile, bila glukosi, ni wachache wanaorudi. Ningekuwa mimi hapo na mikono mitupu kama yako huenda ningempoteza pia, ila ningempoteza polepole zaidi.

Tena nina jambo la kukuuliza kuhusu chanzo. Kwa nini mapacha mmoja akauke na mwenzake alale kwenye tope? Angalia kiwele. Upande mmoja mgumu, mtoto akigusa anapigwa teke: huo ni ugonjwa wa kiwele. Kama ulikuwepo tangu siku ile, mapacha wale walizaliwa mezani penye sahani moja, na mwenye nguvu akawahi. Hilo halikuanzia mikononi mwako. Lingeonekana iwapo mtu angekamua kila chuchu mara mbili tatu ndani ya saa ya kwanza. Kwenye chuchu ya kondoo aliyezaa sasa hivi kuna kizibo cha nta, kidogo kama punje ya mtama, na mtoto dhaifu hawezi kukitoa. Kukamua kunakitoa, na hapo hapo unaona maziwa yakoje: mazito ya njano ni dang'a safi, yakiwa majimaji, yana mabonge au damu, huo upande ni mgonjwa. Daktari akija kwa ajili ya mtoto amtibu na mama siku hiyo hiyo.

Huyu aliye hai sasa. Goti limevimba, la moto, na kitovu kinanuka. Hivyo ni kitu kimoja. Wadudu waliingia kwenye kitovu kibichi siku ya kwanza, pale penye tope, wakasafiri kwenye damu wakaenda kukaa kwenye viungo. Ndiyo maana alirukaruka siku sita kwanza, akakudanganya. Anahitaji sindano, na anaihitaji kesho. Mara nyingi huwa ni penisilini kwa siku kadhaa mfululizo, pamoja na dawa ya maumivu, kwa kipimo atakachotoa daktari baada ya kumpima uzito. Msiache katikati kwa sababu ameacha kuchechemea. Nimeona wengi waliopona siku ya tatu wakaachiwa, wiki ya pili wakarudi na magoti kama viazi.

Rangi mbili acha. Ule unga juu ya kitovu hauwafikii wadudu walio kwenye goti, na vidonge vya watu vilivyofunguliwa bila kipimo ndivyo vinavyowafundisha wadudu kuzoea dawa. Msilichome goti, msilitoboe kutoa maji, msilifunge kwa majani ya moto. Kitovu kisafishwe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, na mtu mwenye glavu.

Atapona? Viungo viwili, siku ya tatu tangu aanze kuchechemea, na bado ananyonya. Mimi ningeweka pesa yangu kwake. Ingekuwa miguu yote minne, au angekuwa amekataa kunyonya, ningekuandikia maneno mengine, kwa sababu kiungo kikishaliwa na usaha kondoo huyo hubaki kilema na kumwacha aendelee kuteseka si huruma. Daktari akimwona akasema viungo vimeharibika, mkubali neno lake.

Supu haipo. Mwambie mumeo hivyo, kwa heshima. Mnyama mwenye homa na usaha viungoni si wa kuliwa, na akishadungwa sindano nyama yake haigusiki mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Na kwa kweli, kondoo wa siku tisa ana nyama gani? Ni mifupa na majuto.

Abaki na mama yake, sio jikoni. Mkimtenga usiku kucha, mama mwenye kiwele kinachouma atazoea kukaa bila yeye, na mtajikuta mna yatima. Kona moja ya banda iinuliwe na kukaushwa, itandikwe mabua makavu ya ngano, huko kwenu hayakosekani baada ya mavuno, na upande wa upepo uzibwe kwa gunia. Banda lisizibwe juu kabisa, hewa ya mkojo iliyofungiwa inaleta kichomi. Mabua yabadilishwe yanapolowa, sio yanapooza.

Kwa kuwa ana chuchu moja tu na hasimami sana, aongezewe maziwa. Mpimeni kwa mizani ile ya ndoano: mtieni kwenye mfuko wa sokoni wenye mishikio, kichwa nje, mtundike. Akiwa na kilo 4, mahitaji yake ya siku nzima ni kati ya mililita 600 na 800. Mama akitoa nusu, nanyi mpeni nusu, igawanywe mara nne. Maziwa ya ng'ombe yanafaa, mazima, yasiyotiwa maji, yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu. Hayana mafuta mengi kama ya kondoo, lakini usijaribu kuyaongezea kwa samli tena. Mizani ndiyo itakuambia: mwanakondoo anayeendelea vizuri huongezeka kama gramu 200 kwa siku. Akikaa siku mbili pale pale, hashibi, hata kama anaonekana ananyonya. Kunyonya na kupata ni vitu viwili.

Wanaokuja sasa, wale wawili. Hapa ndipo palipo na muda wa kufanya kitu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza yule aliyetupa mimba atengwe, na afisa mifugo wa kata aambiwe leo. Damu yake ipimwe, na za wenzake. Ikitokea mwingine atatupa, mtu avae glavu ndefu, kitoto na kondo lake viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka afisa achukue sampuli, na kinachobaki kifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawalifikii. Mbwa waliokula kile cha kwanza wanazunguka wapi? Wafungwe mbali na jiko na watoto.

Chakula. Kondoo hubeba mimba karibu miezi mitano, na sehemu kubwa ya mtoto, zaidi ya nusu yake, hujengwa ndani ya wiki sita za mwisho. Watu wengi huko mlimani huwalisha sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, nyasi tu, na Julai nyasi yenyewe imelala. Waongezewe pumba na mashudu ya alizeti, mkianza na kiganja kimoja na kupanda polepole mpaka kama robo tatu ya kopo la kilo kwa siku kwa kila mmoja. Mkiwamwagia mengi siku ya kwanza mtawaumiza matumbo. Dang'a hutengenezwa kwenye chakula hicho, haishuki yenyewe.

Halafu ndoo moja yenye mfuniko, ikae kwenye msumari mlangoni mwa banda. Ndani yake: taulo la zamani, glavu, chupa ya aidini kali ya kitovu kutoka duka la dawa za mifugo (ile ya asilimia 7 hadi 10, sio ile nyepesi ya kupaka vidonda), kikombe kidogo cha kuichovyea, na themomita ya dijitali ya duka la dawa la kawaida, iandikwe "KONDOO" kwa kalamu nyekundu ili isirudi ndani. Kitovu kizamishwe chote kwenye kikombe, mpaka kwenye ngozi ya tumbo, mara tu mtoto anapotua, na tena baada ya muda wa saa nne hivi. Kupuliza puliza hakutoshi. Themomita inaingizwa njia ya haja, imepakwa mafuta ya mgando, ikiinamia ukuta wa ndani. Mzima husoma 39 hadi 40. Kati ya 37 na 39, kausha, lisha, pasha. Chini ya 37, umeshajua: piga simu kabla ya kuwasha chochote.

Na dang'a ya akiba. Siha nyumba nyingi zina ng'ombe. Mwombeni jirani ambaye ng'ombe wake anazaa awape lita moja ya maziwa ya siku ya kwanza, ng'ombe awe mzima na hajawahi kutupa mimba. Yagandishwe kwenye vifuko vidogo vya mililita 150, hicho ndicho kipimo cha mlo mmoja kwa mtoto wa kilo 3. Anatakiwa apate mlo wa kwanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa mbili, na isizidi saa sita. Siku ya kwanza yote apate kama mililita 600. Baada ya siku moja utumbo wake unafunga mlango, kinga iliyo kwenye dang'a haipiti tena hata mkimpa ndoo nzima. Kuyeyusha ni kwa maji ya vuguvugu, sio kuchemsha, yakichemka yanaganda kama yai na kinga inakufa. Vifuko hivyo viwe chini kabisa ndani ya friza na viandikwe, watoto wasije wakadhani ni barafu za kuuza wakanyonya.

Zamu ya usiku nayo. Kondoo akianza kukwangua chini na kujitenga, mtu haendi kulala. Kila saa moja anamulika. Akishazaa, anangoja aone kila mtoto amesimama na amenyonya, mkia unatikisika, tumbo limejaa chini ya vidole. Ukiona mmoja amesimama, hesabu upya, ulizia wa pili.

Mtu huyo si wewe. Wala si wifi yako kama naye ananyonyesha au anatarajia. Ndoo ile akabidhiwe mumeo, na akiuliza kwa nini yeye, mpe barua hii aisome kuanzia pale niliposema nilisimama.